Kabla Hujaiteremsha Ukutani

Katika nyumba nyingi za walimu wastaafu na makarani wa zamani, kuanzia Kianjokoma na Runyenjes hadi Nkubu na Timau, kuna kitu ukutani au ndani ya sanduku la bati ambacho kila mtu wa nyumbani anakijua na hakuna aliyewahi kukitia bei. Pengine ni mchoro wa katuni ya gazeti, wa wino, uliotiwa sahihi na mchoraji mwenyewe. Pengine ni furushi la jarida la Joe, lile la Hilary Ng'weno na Terry Hirst lililotoka kati ya 1973 na 1979, au vitabu vya Pichadithi vya miaka ya 1980. Kuna ubao wa Tingatinga ulioletwa kutoka safari ya Dar es Salaam. Na siku hizi kuna pia zile plastiki angavu zenye picha ya mhusika wa filamu ya katuni, zilizowekwa kwenye fremu nzuri, zawadi ya mtoto anayefanya kazi Marekani.

Kisha karo inafika, au bili ya hospitali, au mjukuu anaona kwenye simu kitu kinachofanana na hicho kikitajiwa maelfu ya dola. Ndipo mazungumzo yanaanza: tuuze? Kwa ngapi?

Nashauri uanze na swali ambalo watu hulikwepa: je, ni chako? Ikiwa kilikuwa cha baba na baba amefariki, kimeingia kwenye mirathi, hata kama mama amekwambia “chukua tu, mwanangu”. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinakataza mtu kuchukua, kuuza au kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini si ya kutisha. La kutisha ni dada yako wa Chuka kusikia, miaka mitatu baadaye, kwamba picha iliyokuwa juu ya redio iliuzwa na hakuambiwa. Familia huorodhesha shamba, ng'ombe, kahawa na hisa za sako, kisha husahau kuta. Iandikwe picha hiyo kwenye orodha, wenye haki wakubaliane, hata kwa karatasi moja yenye sahihi zao, ndipo mnunuzi aitwe.

Vitu vya kale vina kikomo kingine. Chini ya Sheria ya Makavazi na Urithi wa Taifa ya 2006, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895, ukiacha vitabu na hati, kinahesabiwa kuwa cha kale, na hakitoki nje ya nchi bila kibali. Katuni haifiki huko, lakini sanduku lile lile mara nyingi lina kiti cha babu cha miguu mitatu, au kitu alichokabidhiwa alipokuwa mzee wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru. Hicho cha mwisho kitoe kwenye hesabu kabisa. Alikishika kwa niaba ya baraza, na wa kuulizwa ni wazee wenyewe, si dalali.

Tuseme ni chako. Sasa jiulize unauza kwa nini. Miraa iliyochumwa Maua asubuhi lazima ikimbizwe, maana kesho kutwa imenyauka na haina mnunuzi. Mchoro hauko hivyo, na bado watu wanauuza kwa mbio zile zile. Ikiwa pesa inatakiwa Jumatatu shuleni, picha si ya kuuzwa wiki hii. Soko lake ni dogo, wanunuzi wake ni wa kutafutwa mmoja mmoja, na anayelipa papo hapo analipa kidogo kwa sababu anajua umebanwa. Uza mbuzi, au kopa kwenye sako, kisha uuze picha kwa utaratibu na ulipe deni. Usipoweza kungoja miezi kadhaa, jua kwamba utapokea sehemu tu ya bei yake, na ukubali hivyo macho yakiwa wazi.

Kuna sababu nyingine ambazo ni nzuri zaidi ya shida. Nyumba inavuja na mchwa wamepanda ukuta. Watoto hawaitaki, na wewe mwenyewe hujaitazama tangu uhamie mjini. Hapo kuuza ni kuiokoa. Na kuna sababu moja mbovu: kusikia kwamba bei “imepanda”. Bei ya vitu hivi hupanda kwa msanii huyu na kushuka kwa yule, na mara nyingi aliyekwambia imepanda ndiye anayetaka kukuuzia nyingine.

Hatua inayofuata ndiyo yenye pesa, nayo ni kujua hasa ulicho nacho. Nitakaa hapa kidogo.

Anza na ile plastiki ya filamu ya katuni, kwa kuwa ndiyo inayodanganya wengi. Zamani kila kitendo kidogo cha mhusika kilichorwa kwenye plastiki yake angavu, mistari mbele na rangi ikipakwa kwa brashi upande wa nyuma. Plastiki hiyo iliwekwa juu ya mandhari iliyochorwa kando, ikapigwa picha, ikatolewa, ikawekwa inayofuata. Sekunde moja ya filamu ni picha 24, na ingawa mara nyingi mchoro mmoja ulipigwa picha mara mbili, filamu ndefu ilibakisha maelfu kwa maelfu ya plastiki. Hizo ndizo wakusanyaji wanazitafuta, kwa sababu zilipita mbele ya kamera.

Lakini utaratibu huo ulikwisha. Filamu ndefu ya mwisho ambayo Disney waliipaka rangi hivyo kwa sehemu kubwa ni The Little Mermaid ya 1989. Mwaka uliofuata, katika The Rescuers Down Under, rangi zilikuwa zimehamia kwenye kompyuta. Wajapani waliendelea na plastiki hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sasa hesabu mwenyewe: The Lion King ni ya 1994. Kwa hiyo ile Simba yenye fremu ya dhahabu iliyoko sebuleni Makutano, ambayo mtoto aliambiwa dukani kwamba “ni ya filamu yenyewe”, haikupita mbele ya kamera, kwa kuwa hakuna plastiki ya filamu hiyo iliyopita. Ni nakala iliyotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji. Inaweza kuwa nzuri, inaweza kupakwa kwa mkono, na zilizopakwa kwa mkono kwa idadi ndogo zina soko lake. Nyingi ni za kuchapwa tu, na bei ya hizo haipandi sana juu ya gharama ya fremu.

Utatofautishaje? Itoe kwenye fremu mahali pakavu, mikono ikiwa safi, na uitazame kwa nyuma, ukielekeza mwanga ubavuni. Rangi ya mkono ina kingo zilizoinuka kidogo na unene usio sawa. Iliyochapwa imelala sawasawa kila mahali. Plastiki ya kazi ina matundu chini au juu ilipokuwa ikishikwa kwenye meza ya mchoraji, na pembeni ina namba ya mfuatano iliyoandikwa kwa mkono. Nakala ya wakusanyaji huja na cheti na namba ya aina ya 1,200 kati ya 2,500. Watu wanakipenda cheti hicho, na mimi husema kinakuonya zaidi ya kukusifu: kitu kilichotengenezwa mara 2,500 si adimu. Ikiwa ni ya kazi kweli, bei inategemea mhusika ni nani, uso wake unaonekana au kageuka, macho yamefunguka au yamefumba, mwili mzima umo au kichwa tu, na kama mandhari iliyo nyuma ndiyo iliyokwenda nayo kwenye filamu. Mhusika asiyejulikana aliyegeuza mgongo anaweza kuwa halisi kabisa na asipate mnunuzi.

Hivyo hivyo kwa kazi za hapa kwetu. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonekana 2010, ilitengenezwa Nairobi na vijana wa Homeboyz kwa kompyuta. Hakuna plastiki iliyopakwa rangi. Aliyefanya kazi studio anaweza kuwa na michoro ya penseli au karatasi za mpangilio wa hadithi, nazo ni nzuri kuwa nazo, lakini asome mkataba wake kwanza. Katika sheria yetu ya hakimiliki, kazi iliyofanywa katika ajira huwa ya mwajiri isipokuwa mkataba useme vingine, na karatasi zenyewe huenda zilitakiwa kubaki ofisini.

Mchoro wa katuni ya gazeti unachunguzwa namna nyingine. Azima kioo cha kukuzia. Ukiona nukta ndogondogo zilizopangika, ni kitu kilichochapwa, hata kama kimekatwa vizuri na kuwekwa kwenye fremu. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliyekatwa kutoka Taifa Leo ni furaha ya nyumbani, mnunuzi hatamlipia. Mchoro wa mkono una mistari ya penseli iliyofutwa nusu, wino uliokolea pale mkono uliporudia, rangi nyeupe iliyofunika kosa, na mara nyingine maagizo pembeni ya ukubwa wa kuchapa. Makovu hayo ndiyo ushahidi wako. Usiyafute kwa kutaka picha ipendeze.

Ubao wa Tingatinga nao una hesabu yake. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam karibu 1968 na akauawa kwa risasi 1972. Miaka minne tu. Ubao wenye jina lake ulionunuliwa kwa mchuuzi wa Mombasa 1985 unahitaji maelezo mengi kabla ya kuaminiwa, maana jina lake lilikwisha kuwa jina la mtindo mzima. Ukiwa na ubao wa mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza, wenye sahihi yake halali, una kitu cha kuzungumzia.

Na kwa kuwa tuko Meru, siwezi kuacha kumtaja Joy Adamson. Simba wake Elsa amezikwa ndani ya Mbuga ya Meru, na watu wa huku wana vitabu vyake. Born Free ilitoka 1960 ikauzwa kwa wingi, kwa hiyo toleo la kwanza peke yake si utajiri. Jalada la karatasi likiwa zima na sahihi yake ikiwemo, mambo yanabadilika. Picha zake za watu wa Kenya, Wameru wakiwemo, zilichorwa kwa kuagizwa na serikali ya kikoloni, na mkusanyiko mkubwa uko kwenye Makavazi ya Taifa Nairobi. Mtu akikuletea “halisi ya Joy Adamson”, au ukiikuta kwa marehemu mjomba, uliza ilitokaje huko kabla ya kuuliza bei.

Baada ya kujua ulicho nacho, usikiharibu kwa kukitayarisha. Moshi wa jikoni, ubaridi wa Julai wa miteremko ya mlima na mende vimekwisha kufanya kazi yao. Wewe usiongezee kwa kitambaa chenye maji. Usibandike selotepu. Usimpelekee fundi wa fremu bila kusimama naye, kwa kuwa desturi ya mafundi wengi ni kupaka gundi nyuma ya karatasi na kuibandika kwenye hadibodi ili isikunjamane, na hapo umepoteza sehemu kubwa ya bei kwa huduma uliyoilipia. Plastiki ya katuni ikianza kunuka siki, inaoza. Itenge na nyingine, iwe mahali pa baridi na hewa, na uiuze mapema huku ukimwambia mnunuzi ukweli.

Sasa bei. Bei anayoitangaza muuzaji kwenye intaneti ni tamaa yake. Inayokufaa ni ile iliyolipwa. Nyumba za mnada hutangaza matokeo: kwa sanaa ya Afrika Mashariki, Circle Art ya Nairobi imekuwa ikiendesha minada tangu 2013, na kwa filamu za katuni, Heritage Auctions ya Dallas ina rekodi ndefu za mauzo. Tafuta mauzo kadhaa ya msanii yule yule, ukubwa unaokaribiana, hali inayokaribiana, na yasiwe ya zamani mno. Ya juu kabisa iweke kando mpaka ujue kwa nini ilikuwa juu. Huenda watu wawili walishindana siku hiyo, na hakuna ahadi kwamba watarudi.

Kisha piga hesabu ya kitakachobaki mkononi. Tuseme, kwa mfano tu, michoro inayofanana na wako imeuzwa kwa 40,000, 55,000 na 90,000. Unachukua 55,000. Duka la sanaa linalouza kwa niaba yako huomba kati ya theluthi na nusu; tuseme ni asilimia 40, yaani 22,000. Zinabaki 33,000. Fremu mpya 4,000, safari za Nairobi 2,000. Umebaki na 27,000, na umengoja. Basi daktari wa Embu aliyeiona sebuleni akakupa 30,000 taslimu hakukudharau, amekupa zaidi. Ni hesabu ambayo watu wengi hawaifanyi, wanamkatalia wa karibu kwa sababu wa mbali alitaja namba kubwa zaidi. Kumbuka pia kwamba tangu marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya 2019, msanii ana haki ya asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena mnadani au kupitia wafanyabiashara wa sanaa. Uliza mapema nani anailipa.

Toka na namba tatu kichwani: ya kutaja kwanza, ya kufurahia, na ambayo chini yake picha inarudi ukutani. Ya tatu iandike kwenye karatasi kabla mnunuzi hajafika, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani. Mapenzi yako kwa picha yanaruhusiwa kuingia kwenye namba hiyo ya tatu tu. Kwenye namba mbili za kwanza hayana kazi, maana mnunuzi halipii jinsi baba alivyokuwa akicheka akiisoma. Kama namba ya tatu ikitoka kubwa kuliko soko lote, umejijibu: huuzi. Wala si aibu.

Madalali watakuja na maneno yao. “Mama, hii ni karatasi tu, nakupa elfu mbili.” Nilipenda jibu nililolisikia kwa bibi mmoja: “Kama ni karatasi tu, mwanangu, karatasi zinauzwa pale dukani, na ni bei rahisi.” Dalali anayeivunja bei namna hiyo bila kuigeuza nyuma ama hajui, ama anajua sana. Usimuuzie siku hiyo.

Pesa ikilipwa kwa simu, usiamini ujumbe. Fungua salio lako mwenyewe uone. M-Pesa hupitisha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, kwa hiyo kilicho juu ya hapo kipite benki. Mnunuzi wa ng'ambo anayetuma hundi kubwa kuliko bei na kukuomba umrudishie iliyozidi ni mwizi, kila mara.

Kuhusu nani wa kumuuzia, historia yetu ina mfano mchungu. Joseph Murumbi, Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya sanaa, stempu na maelfu ya vitabu vya kale kuhusu Afrika. Wageni walimtaka awauzie. Yeye katika miaka ya 1970 akaiuzia Serikali ya Kenya mkusanyiko pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, akitarajia igeuzwe kituo cha masomo ya Afrika. Kituo hakikuwa, nyumba iliachwa ikaharibika, ardhi ikagawanywa, naye akafariki 1990 akiwa na uchungu huo. Vitu vingi vimebaki nchini, kwenye Nyaraka za Taifa na Nairobi Gallery, na huo ni ushindi wake. Lakini nia ya muuzaji haimfuati mnunuzi ikiwa haijaandikwa, na hata ikiandikwa inahitaji mtu hai wa kuifuatilia. Ukitaka picha isitoke Meru, uliza Makavazi ya Meru kama wataipokea kwa mkopo au kwa zawadi, na usitarajie bei. Ukitaka bei, iachilie iende.

Kabla haijaenda, ipigwe skani vizuri, mbele na nyuma, kila ndugu apate nakala ya kuweka nyumbani. Nakala ya kumbukumbu si leseni ya biashara: haki ya kuchapisha mchoro huo kwenye fulana au kalenda ni ya msanii au warithi wake hadi miaka 50 baada ya kifo chake, na hukuwa nayo wewe, wala mnunuzi haipati kwa kununua. Mwambie hivyo kwenye hati ya mauzo. Hati hiyo iwe na majina na namba za vitambulisho, maelezo ya mchoro, ukubwa wake, kasoro zote ulizozitaja, bei, tarehe, namna ya malipo, na sentensi moja inayosema ulivyoipata. Ukiwa na barua ya zamani au risiti inayoonyesha baba aliinunua wapi, mpe mnunuzi ya asili, ubaki na nakala. Bila hiyo karatasi, atakayeuza baada yake atalazimika kuanza upya kueleza mchoro ulitoka wapi, na wanunuzi wake watapunguza bei kwa sababu hiyo.